Barua kwa mwanangu: siku zangu za Dedza

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Jumapili iliyopita, ulipokuwa unanipa habari za mkeo na ujauzito wake wa miezi saba, uliniuliza swali ambalo naamini umelibeba tangu ukiwa na miaka tisa: "Mama, kule Malawi ulikuwa unafanya nini siku nzima, hata mimi ukaniacha kwa bibi?" Simu ilikatika kabla sijajibu, nami sikukupigia tena, kwa kuwa jibu lake ni refu na lina sehemu ambayo sijawahi kumweleza mtu yeyote isipokuwa marehemu baba yako. Ndiyo maana nakuandikia.

Tuliondoka mwaka 1999, mimi na baba yako, kwenda kulea watoto yatima katika kituo cha Dedza. Unakumbuka jinsi wazee wa kanisa letu la Moravian walivyosema siku ile ya kutuaga, kwamba wamisionari walifika hapa Rungwe mwaka 1891 wakiwa wageni wasiojua hata namna ya kuomba maji, na kwamba sasa zamu ni yetu. Tulivuka mto Songwe pale Kasumulu, tukapanda basi hadi Karonga, Mzuzu, Lilongwe, kisha Dedza, mji wa baridi na viazi kama kwetu, na hilo peke yake lilinifariji. Kichewa nacho kilinidanganya mwanzoni, kwa sababu mtu anayefika mlangoni husema "odi", naye aliyemo ndani humjibu "odini", na mtoto ni "mwana" kama kwetu. Nikadhani nitakimudu kwa miezi miwili. Ulipita mwaka mzima kabla sijaweza kumbembeleza mtoto usiku kwa maneno ambayo yeye mwenyewe aliyasikia kutoka kwa mama yake. Shule ya karibu ilifundisha kwa lugha usiyoijua, nawe ulikuwa unaongoza darasa lako, kwa hiyo tukakuacha kwa mama yangu. Hiyo ndiyo sababu tuliyokupa wakati ule, na ni ya kweli, ingawa najua haikukutosha.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Ilianza saa tisa usiku, kwa sababu watoto wachanga walikunywa maziwa kila baada ya saa tatu na zamu hiyo ilikuwa yangu. Wengi wao walikuwa wamefiwa na mama wakati wa kuzaliwa au miezi michache baadaye, na miaka ile UKIMWI ulikuwa unaondoa kinamama kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona hata katika wodi za Mbeya. Tulichemsha maji kwa kuni, tukayaacha yapoe, tukapima maziwa ya unga kwa kijiko cha kwenye kopo, tukayasawazisha kwa kisu. Kijiko hicho nilikilinda kama ufunguo wa sanduku la sadaka, maana mlezi mwenye huruma anayeogopa kopo kuisha huongeza maji kidogo, na mtoto hushiba tumbo huku mwili ukikonda. Chupa hatukuzitumia. Tuliwanywesha kwa kikombe kidogo, kwa sababu chuchu ya chupa huficha uchafu usiooshika, na kuhara kwa mtoto wa wiki tano si jambo la kusubiri asubuhi. Kumnywesha mtoto mmoja kwa kikombe huchukua nusu saa ukitaka asipaliwe. Zidisha kwa watoto kumi na moja, ukiwa na walezi wawili, na utaona usiku wangu ulikwenda wapi.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa na ibada fupi. Baba yako alisoma andiko la siku kutoka katika kile kitabu chetu ambacho hutolewa kila mwaka tangu kilipochapishwa mara ya kwanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731, nami nilifurahi kujua kwamba asubuhi hiyohiyo wewe na bibi mlikuwa mnasoma mstari uleule hapa Tukuyu. Baada ya hapo zikafuata nepi, uji wa likuni phala wa mahindi na soya kwa wakubwa, kuwapaka dawa ya upele, kuwachunguza wadogo kama wana utando mweupe mdomoni, na kuwapa septrini, dawa ya kuzuia maambukizi, wale waliozaliwa na mama mwenye virusi. Kila Jumatatu niliwapima uzito kwa mizani ya kuning'iniza, kisha nikawazungushia mkononi ule utepe wenye rangi tatu wa kupima utapiamlo. Ukiishia kwenye nyekundu, mpango wote wa juma hubadilika.

Jambo lililonichosha kuliko kazi ya mikono lilikuwa kungoja. Kipimo cha kawaida cha damu huonyesha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mtoto mchanga hubeba kingamwili za mama yake, hivyo kipimo kinaweza kusema "ana virusi" hata kama hana, mpaka afikishe miezi 18 hivi. Fikiria, mwanangu, kumlea mtoto kwa mwaka mmoja na nusu, anajifunza kukaa, kutambaa na kukuita "amayi", yaani mama, nawe hujui kama unalea mzima au mgonjwa. Nilikatazwa na wenzangu wenye uzoefu nisiwapende kupita kiasi. Nilijaribu, na sikuweza, na sijuti.

Mchana ulikuwa wa karatasi: risiti za kuni na sabuni, taarifa kwa ofisi ya ustawi wa jamii, barua kwa sharika zilizotuchangia. Walitaka picha, nasi tulituma, jambo ambalo leo nisingelifanya kwa namna ile, kwa kuwa watoto wale hawakuulizwa kama wanataka sura zao zibandikwe ukutani kwa watu wasiowajua. Tulipokea pia wageni waliokuja kwa wiki mbili kuwabeba na kuwaimbia. Walikuwa watu wema. Waliandika kwamba watoto wetu ni wachangamfu, wanamkimbilia kila mgeni na kumkumbatia. Mimi niliyezaa na kukunyonyesha nilijua kwamba mtoto mwenye mtu wake huficha uso kwenye nguo za mtu huyo, mgeni anapoingia, na kwamba anayemkimbilia yeyote anatafuta. Wageni walipoondoka, usiku wake hatukulala.

Mwaka 2002 sitausahau. Mafuriko na ukame vilikuwa vimeharibu mavuno ya msimu uliotangulia, akiba ya mahindi ya taifa ilikuwa imeuzwa, na serikali ilipotangaza janga mwezi Februari, vijijini watu walikuwa tayari wanakula pumba, zile wanazoziita madeya, na kuvunja mahindi mabichi kabla ya wakati. Katika miezi mitatu tulizika watoto sita. Baba yako alitengeneza majeneza mwenyewe, na tangu mwaka ule hakupenda tena kushika randa. Katika majuma hayohayo alikuja bibi mmoja, agogo kama wasemavyo kule, akiwa amembeba mgongoni kwa kitenge mtoto wa kike wa siku nne ambaye mama yake alikufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Alikuwa ametembea tangu usiku. Tulikubaliana mbele ya mkuu wa kijiji chake kwamba mtoto atakaa kwetu mpaka aweze kula chakula cha nyumbani, yaani miaka miwili, kisha atarudi. Kwa Wachewa mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba wake naye alikuja, akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Hapa ndipo pana jambo nililotaka kukueleza. Miaka miwili ilipotimia, yule agogo alikuja na kuku mmoja wa kutushukuru na kitenge cha kumbebea mjukuu wake. Nilikwenda kwanza kuiona nyumba. Paa la nyasi lilikuwa linavuja, ghala la mahindi lilikuwa na masalia tu chini, wajukuu wengine watatu walilala kwenye mkeka mmoja bila chandarua. Nilimwambia tusubiri mavuno. Hakubishana. Alikunja kitenge, akaacha kuku, akaondoka. Alirudi baada ya mavuno, nikapata sababu nyingine. Akarudi mwaka uliofuata, nikapata nyingine tena. Nilijiambia kwamba ninamlinda mtoto, na kila nilichosema kuhusu paa na ghala kilikuwa kweli.

Alipokuja mara ya nne, msichana alikuwa amekaribia miaka mitano. Alimwona bibi yake mzaa mama, akalia, akajificha nyuma yangu, akaniuliza huyu ni nani. Agogo alikaa barazani muda mrefu. Kisha akatoa kwenye mfuko wa nailoni pasipoti ya afya, lile daftari ambalo kila mgonjwa wa Malawi hutembea nalo hospitalini. Lilikuwa la marehemu binti yake, lina jina lake na tarehe zake za kliniki ya ujauzito. Akanionyesha kurasa moja baada ya nyingine, bila kusema neno, kama mtu anayeonyesha hati ya shamba.

Juma lilelile ilifika barua yako. Ulikuwa kidato cha pili. Uliandika kwamba mvua imetoboa paa la chumba chako, kwamba bibi ameweka sufuria katikati ya kitanda na kukuhamishia kwake, na kwamba usiku mnacheka mkisikia matone. Niliisoma mara mbili. Nikatuma fedha za mabati kwa mama yangu siku iliyofuata, na nilipokuwa narudi kutoka kutuma ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Paa la mama yangu lilipovuja, haikunijia hata kidogo kwamba wewe uondolewe kwake, nilimtumia mabati. Paa la agogo lilipovuja, nilimnyima mjukuu. Yeye na mama yangu walikuwa wanawake wa umri mmoja, wenye mikono ileile ya jembe.

Nilimweleza baba yako usiku ule, tukalia, na asubuhi tukaenda kununua mabati kumi na manne. Ilichukua miezi minane kumrudisha msichana. Kwanza agogo alikuja kukaa naye kwetu siku nzima, kisha msichana akaenda kijijini Jumamosi na kurudi jioni, kisha akalala usiku mmoja, kisha juma zima. Miezi ile minane ilikuwa deni langu, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili ingetosha wiki chache. Miaka mingi baadaye, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi ulipofika mikononi mwetu, nilikuta umeandikwa wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia yake. Niliuweka mezani nikatoka nje.

Baada ya hapo siku yangu ilibadilika, na hiyo ndiyo miaka ambayo uliniona nimekonda zaidi ulipokuja likizo ya Desemba, kwa maana niliishi barabarani. Tuliwaomba ndugu walete pamoja na mtoto mchanga shangazi au dada wa kukaa naye kwetu, ili ajifunze kupima maziwa na arudi naye baada ya miezi michache, nasi tukawapelekea makopo kila mwezi. Mambo mawili yalitusaidia mno. Moja ni chiponde, siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, ambayo mtoto mwenye utapiamlo huweza kulishwa nyumbani bila kupikwa wala kuongezwa maji. La pili ni dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo Malawi ilianza kuzitoa bure kwa wingi mwaka 2004. Taratibu nikaanza kupokea watoto wenye mama wagonjwa walio hai, na mama mgonjwa aliye hai ni mama. Tulipofika Dedza tulilea watoto thelathini na mmoja chini ya paa letu. Tulipoondoka mwaka 2013 walikuwa tisa, wale ambao kwa kweli tulitafuta ukoo wao tukaukosa au tukakuta nyumba isiyo salama. Baadhi ya waliotuchangia waliacha, wakisema hawaoni tena kituo. Siwalaumu sana, ingawa iliniuma, kwani makopo ya maziwa yaliyotawanyika katika vijiji arobaini hayaingii kwenye picha.

Kwa hiyo nilikuacha kwa bibi kwa sababu nilimwamini bibi kabisa, kiasi cha kutoona kwamba ulikuwa unaumia. Hilo nalo ni kosa, na ni langu. Ulinyamaza vizuri mno, nami nikauchukua ukimya wako kuwa utulivu. Naomba unisamehe kwa Krismasi ya mwaka 2002 hasa, niliyokuahidi kuja na sikuja. Siku hiyo kulikuwa na watoto wawili wenye utepe mwekundu na mlezi mmoja tu. Ningeweza kumwomba mtu. Sikumwomba.

Yule msichana alinipigia simu mwezi wa nane. Ameolewa Ntcheu, ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, na agogo, ambaye sasa haoni vizuri, anakaa naye. Alizungumza Kichewa cha kijijini kwao, cha haraka, nikamwomba arudie mara mbili.

Mkeo akijifungua nitakuja, mkitaka, nikae hata miezi mitatu. Ila mwambie nitakuja na kikombe kidogo cha bati, kile kimoja nilichobaki nacho, endapo maziwa yatachelewa siku za kwanza.

Mama yako