Niache ajira ya kudumu nifuate mshahara mnono? Maswali yenu

Nina ajira ya kudumu, mwaka wa tisa sasa. Kampuni nyingine inaniongezea asilimia 40, ila kwa mkataba wa miaka miwili. Niende?

Kwa masharti hayo, bado. Tuseme leo unalipwa 100 kwa mwezi, mwajiri anakuchangia 15 kwenye pensheni na bima ya familia yako inamgharimu 10. Kazi yako basi ina thamani ya 125, hata kama hati ya mshahara inaonyesha 100. Ukipewa 140 bila bima wala pensheni, umezidi kwa 15 tu, yaani asilimia 12, na kodi bado haijapita. Nchi nyingi hutoza kodi ya mapato kwa ngazi, kwa hiyo ile nyongeza ndiyo inayokatwa zaidi.

Halafu kuna siku mkataba unapoisha. Ukikaa miezi minne bila kazi, chukua 140 mara miezi 24, ugawe kwa 28. Unapata 120 kwa mwezi, chini ya ulichoacha. Rudi ukazungumze nao: waweke bima na mchango wa pensheni, na waulize ni wangapi waliowahi kuongezewa mkataba. Wakikwepa hilo la mwisho, umeshajibiwa.

Mwajiri mpya anataka nianze Jumatatu, mkataba ataniandalia baadaye.

Usiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba uliosainiwa haujawa mkononi mwako. Tena una notisi ya kutimiza ulipo.

Nilipomwambia bosi naondoka, ghafla kaahidi kunipandishia mshahara. Nibaki?

Ajabu ya bajeti ambayo haikuwepo mwezi uliopita! Kama shida yako ilikuwa fedha peke yake, baki, lakini ahadi iwe kwenye maandishi na tarehe ya kuanza. Kama ulichoka na bosi mwenyewe au umekwama cheo kilekile, nyongeza haitaligusa hilo.

Nina mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Unanizuia kuhama?

Haukuzuii, ila usome mkataba wake kwanza. Mikopo mingi ya wafanyakazi imefungamanishwa na mwajiri: ukiondoka, mkopeshaji anaweza kudai salio lote au kupandisha riba. Mwulize kwa maandishi kama makato yanaweza kuhamia kwa mwajiri mpya. Kumbuka pia kwamba utaanza na kipindi cha majaribio, ambacho mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita, na humo kukuachisha ni rahisi. Kama huna akiba ya kulipa rejesho na kula kwa muda huo, subiri kidogo.

Hesabu zote zinasema niende, sina wanaonitegemea, lakini naogopa. Naomba ushauri.

Hofu hiyo ina maelezo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyotufurahisha. Na ajira ya kudumu nayo haina kinga kamili; idara zikipunguzwa, wa kudumu nao hupewa barua. Jaribu kuligeuza swali: ungekuwa tayari uko kule, ukaitwa uje hapa ulipo kwa mshahara huu mdogo, ungekuja? Kama usingekuja, saini mkataba, toa notisi na ukabidhi kazi vizuri. Huenda siku moja ukahitaji barua yao ya utambulisho.