Usiulize barua, uliza jalada

Mwaka 2016 nilipanda boti ya usiku mara tatu, kutoka shule niliyokuwa nafundisha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kwenda makao makuu ya halmashauri kufuatilia barua niliyoandika kudai nauli ya likizo. Mara tatu nikaambiwa, "Mwalimu, barua yako inashughulikiwa." Ukiwa umelala juu ya magunia ya dagaa usiku kucha, jibu hilo linauma kuliko tusi.

Safari ya nne niliwahi. Nilimkuta mama wa masijala, ofisi inayotunza majalada, peke yake, hata dirisha hajafungua. "Shikamoo mama." Tukaulizana habari za nyumbani na bei ya mawese, kisha akaniuliza jambo ambalo wakubwa wake wote hawakuwahi kuniuliza: "Cheki namba yako?" Ni namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara, na sikuwa nimeiandika kwenye barua. Akavuta jalada lenye jina langu. La mtu mwingine! Wajina wangu, mtumishi wa afya. Barua zangu mbili zilikuwa humo, folio, yaani kurasa za jalada, zimepigwa namba vizuri kabisa. Kwa hiyo hakuna aliyenidanganya. Zilikuwa ofisini kweli.

Tangu siku hiyo barua yangu yoyote ina cheki namba chini ya jina, na naibeba kwa nakala mbili: moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa narudi nayo. Nikiipitisha kwa mwalimu mkuu na kwa mratibu elimu kata (siku hizi afisa elimu kata), sipeleki nyingine moja kwa moja kwa mkurugenzi ili kuharakisha. Niliwahi kufanya hivyo. Ilirudishwa chini na maandishi ya kalamu nyekundu, nikapoteza mwezi na nikamkasirisha mwalimu mkuu.

Ukifika ofisini, uliza jalada liko meza ya nani na dokezo la mwisho, yaani maoni ya ofisa yaliyoandikwa humo, linasema nini. Barua peke yake haiamuliwi. Mkubwa anasoma dokezo la mdogo wake ndani ya jalada, anaandika la kwake, linasogea. Kama limekaa kwa mtu aliye safarini Dodoma, ulizia anayekaimu. Na usiende Jumatatu. Kwetu ilikuwa siku ya vikao.

Kuna watakaokushauri utoe hela ya soda. Mimi sikutoa, na si kwa utakatifu. Mshahara wenyewe ulikuwa haufiki tarehe kumi na tano. Ila nimewaona waliotoa: jalada likishazoea soda, halitembei tena bila kiu. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapatikana kwa namba 113, bure.

Vijana walioajiriwa juzi wananicheka, maana likizo na uhamisho sasa vinaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa watumishi wa ESS, na tathmini ya utendaji kazi iko kwenye mfumo wa PEPMIS badala ya zile fomu za OPRAS tulizokuwa tukijaza kwa kunakiliana. Mabadiliko mazuri, sibishi. Lakini ombi la kwenye simu nalo linasubiri mtu alifungue, na mtandao ukisumbua utarudi palepale dirishani. Shikamoo bado inahitajika.

Nauli yangu ililipwa baada ya miezi mitano. Wajina wangu tulikutana baadaye sokoni Mwanga, akacheka mpaka akakaa chini: na yeye alikuwa akitafuta barua yake ya kupanda daraja. Nilipanda ngazi za masijala kesho yake kuuliza jalada langu. Barua yake ilikuwamo.