Wewe mwenye wanakuambiaka una mkono mubaya, soma hii

Juzi dada mumoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia mesaji ndefu kabisa na mafoto juu. Alipanda tomate ndani ya bidoni zenye alikata katikati, akaziweka barazani, mbegu zikaota vizuri, siku za kwanza anafurahi, kisha miche ikaanza kurefuka mbio mbio, shina nyembamba, kijani imefifia, yote imeegemea upande mumoja, na moja moja ikaanza kulala. Akanunua mbolea. Ikalala zaidi. Akanunua mbolea ingine. Mwisho mama mukwe wake akapita pale, akaangalia, akamuambia wewe una mkono mubaya, acha mambo ya shamba. Dada ananiuliza kama ni kweli kuko watu wa vile.

Bana, ile neno mkono mubaya mi siipendi hata kidogo. Najua wengi wenye munanisoma munatafuta kitu kimoja na mimi: bustani ndogo ya kupunguza franga ya soko, pengine kuuza kidogo, mutoto asirudishwe nyumbani juu ya minervali, ile franga ya shule. Dada nitakujibu, lakini kwanza niwaambie yangu juu bila hiyo hamutanielewa.

Yangu ilikuwa vitunguu. Shemeji yetu mwenye anaishi Ubelgiji alitutumia mbegu, pakiti nzuri, foto ya kitunguu kikubwa kinajaza kiganja, nikasema hapa tumepona, juu Bukavu kila nyumba inakaanga kitunguu kila siku ya Mungu. Baba mudogo akanipa kipande kule Kabare, udongo mwekundu, ile ukifinyanga inabaki na alama ya vidole vyako. Nikaweka samadi ya ng'ombe yenye imeoza vizuri, nikapandikiza kwa mustari, nikapalilia. Majani ikatoka, ee mama! Ndefu, nono, kijani ya kung'aa, mpaka watu wenye wanapita barabarani wanasimama kuangalia na kunipigia hongera. Miezi katikati naruka, ilikuwa kupalilia na kubeba maji tu, hakuna hadithi.

Siku ya kuvuna nikaita watu, nikaalika hata mama wa sokoni mwenye tulikuwa tumesikilizana bei. Nikang'oa ya kwanza: chini hakuna kitu. Shingo imenenepa kidogo kama kidole gumba, halafu mizizi. Ya pili, vile vile. Nikaenda mwisho wa mustari nikifikiri pengine kule maji ilifika zaidi, hakuna. Shamba nzima ilikuwa majani.

Mama wa sokoni alicheka kwanza, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kukaniuma kuliko kucheka. Baba mudogo alisema kuko mtu amepita usiku. Wengine wakasema ni mkono. Na kuna mumoja wa familia, simtaji, alisema mbele ya watu wakiwa wanakula, eti nimetumia franga ya watu kulimia mbuzi majani. Nimemusamehe. Lakini hata leo akikuja nyumbani, sahani yake sio mimi napakua.

Kumbe jibu lilikuwa kwa pakiti. Nyuma kabisa, herufi kidogo za Kifaransa, wameandika kwamba ile ni aina ya siku ndefu. Nani alikuwa anajua maana yake? Kitunguu kinapimaka urefu wa mchana. Aina za kule Ulaya zinangoja mchana wa saa 14 au kupita hapo ndipo zianze kujaza tumbo chini, na Ubelgiji mwezi wa sita mchana unapita saa 16, kwa hiyo huko hakuna shida. Sisi hapa tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 na dakika kidogo, Januari mpaka Desemba, haubadiliki wa kusema umebadilika. Vile vitunguu vyangu vilikaa ndani ya udongo wa Kabare vikingoja mwezi wa sita wa Ubelgiji. Ile siku ndefu haikufika, basi vikaendelea kutoa majani, na vingeendelea vile hata ningevipa samadi ya ng'ombe wa Kabare wote. Sikulogwa na mtu. Kisha nilitafuta aina ya siku fupi, ile wanaita Red Creole, ikazaa, na yule wa familia aliomba nimubakishie kidogo.

Mi sikusoma agronomia, haya yote nilitafuta juu niliumia. Na nilivyotafuta nikakuta sio mimi wa kwanza kushangazwa. Mwaka 1920 kule Marekani, wataalamu wawili wa mimea, Garner na Allard, waliandika juu ya tumbaku yenye ilikuwa inawasumbua: shambani kiangazi chote inapanda tu juu, inapita kimo cha mtu, maua hapana, lakini wakiiweka ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi inatoa maua. Walijaribu joto, maji, udongo, hapana. Mwisho wakaanza kuifungia gizani mapema, kuifupishia mchana, njo ikatoa maua. Baadaye wengine wakaona ya kwamba mimea mingi ya vile kwa kweli inapima usiku, sio mchana: ukiiwashia taa kidogo katikati ya giza, hesabu yake inavurugika. Na kuna Mfaransa, de Mairan, mwaka 1729, alifungia gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, ile yenye watoto wanagusaka inafunga majani, akakuta majani inafunguka na kufunga kwa saa zake ingawa haioni jua. Yaani mmea una saa ndani yake.

Sasa dada wa Kadutu, nakuja kwako. Foto yako inaonyesha ukuta wa jirani huku, bati ya paa imeshuka kule, mwanga unaingia kwa upenyo mumoja, na miche yote imeegemea pale pale. Ile si ugonjwa. Charles Darwin na mutoto wake Francis, mwaka 1880, walichukua miche ya majani ya jamii ya nyasi, zingine wakazivalisha kofia kidogo kwa ncha, zingine wakafunika chini wakaacha ncha wazi, kisha wakaleta mwanga upande mumoja. Zenye kofia zilibaki wima. Zenye ncha wazi zikapinda, na kumbe sehemu yenye inapinda iko chini ya ncha. Basi ncha njo inaona, kisha inatuma habari chini. Miaka ya 1920 Mholanzi mumoja, Frits Went, akaonyesha ile habari ni kitu cha kweli chenye mmea unajitengenezea, homoni, wanaiita auksini. Inahamia upande wa giza, upande ule unarefuka kuliko mwingine, na shina linapinda kwenda kwa mwanga.

Kwa hiyo miche yako ilikuwa inatafuta mlango. Wewe ukaipa mbolea, ukaiongezea nguvu ya kukimbia.

Tena uliipanda imeshikana sana, kama mtu anamwaga mbegu ya lengalenga. Jani linakula mwanga mwekundu, lakini ile nyekundu ya mwisho kabisa, yenye jicho letu haioni vizuri, linaiachilia na kuirudisha. Mche wa jirani unaipokea, unajua niko na watu pembeni, unaanza kurefuka mapema, hata kabla kivuli hakijaufikia. Punguza. Najua inauma kung'oa mche mzima, mi naumiaka kila mara, lakini punguza, au hamishia zingine kwa sashe.

Na hii hakuna mtu ananiambia alikuwa anaijua: hapa kwetu jua halipiti pahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa sita, saa sita ya mchana, jua limeegemea upande wa Goma, kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili limeegemea upande wa Uvira, kusini. Kwa hiyo baraza yenye ilikuwa na jua nzuri kwa kiangazi inaweza kukaa kwa kivuli wakati wa Noeli, na wewe utasema mbegu zimeharibika. Simama barazani saa sita, angalia kivuli cha ukuta kinaanguka wapi, kabla ya kununua kitu chochote.

Zile zenye zimelala usizitupe. Tomate ina bahati, shina yake ikifunikwa na udongo inatoa mizizi. Toa majani ya chini, izike ndani mpaka karibu na majani ya juu, mwagilia, iache kwa kivuli chepesi kidogo kisha uizoeshe jua pole pole. Shu, ile kabichi, usiifanyie vile, shingo inaweza kuoza.

Jambo lingine. Watoto wa avenyu yetu wananiita mama wa kubembeleza miti, juu kila asubuhi napitisha mkono juu ya miche yangu, polepole, kwenda na kurudi, mpaka inainama inainuka. Kuna agronomu mumoja, kwenye formasyo fulani, alichekesha watu juu yangu nilipolisema, akauliza kama ninaiimbiaga pia. Nilikaa chini. Lakini ni jambo lenye limeandikwa: mwaka 1973 mtaalamu mumoja wa mimea, Jaffe, Marekani, alionyesha ya kwamba mimea yenye shina lake linasuguliwa sekunde chache kila siku inabaki fupi na shina nene, vile vile mmea wenye unapigwa na upepo. Wakulima wa Japani tangu zamani wanakanyagaka ngano na shayiri ikiwa bado changa, wanaikanyaga na miguu, na inakuwa ngumu. Mche wenye umekulia barazani bila upepo haujui bado kama dunia ina upepo, unaupeleka shambani Kabare kwa kilima, siku ya kwanza unavunjika, kisha wewe unamlaumu mwenye kukuuzia. Sekunde chache tu, majani ikiwa imekauka. Na kama unavuta sigara osha mikono na sabuni kwanza, juu tumbaku inaweza kuwa na kirusi chenye kinapitaka kwa vidole mpaka kwa tomate, hapo utakuwa umebembeleza ugonjwa.

Maji nitasema kidogo juu watu wanabishana sana. Majani ya maboga au tomate ikilegea saa saba ya mchana, usikimbilie bidoni. Jani lina matundu kidogo kidogo chini yake ya kupumulia, na jua likiwa kali maji inatoka huko kuliko yenye mizizi inaleta, basi jani linalegea, na jioni linasimama tena lenyewe. Ukikuta limelegea asubuhi, jua bado halijapanda, hapo pengine ni kiu ya kweli. Ingiza kidole ndani ya udongo mpaka katikati. Udongo ukiwa na majimaji na jani limelegea hata asubuhi, shida pengine ni mizizi imezama au imeoza, na wewe ukiongeza maji unaizika.

Basi ndugu zangu, mi nimechoka kuona mtu anapoteza franga ya mbolea, ya dawa, ya mbegu za Ulaya, wakati mmea unamuonyesha wazi kabisa kwa mwili wake. Umeegemea, unataka mwanga. Umerefuka, umebanwa au uko gizani. Unatoa majani bila kuzaa, uliza urefu wa mchana na ile samadi umejaza. Angalia kwanza. Angalia asubuhi, angalia mchana, angalia jioni, kisha njo ufungue mfuko. Na wewe mwenye kupita nyumba za watu ukiwaambia wana mkono mubaya, umesimama hata dakika moja kuangalia ule mmea? Binti mumoja anaacha kulima juu ya neno moja la mezani, na mwaka ujao wewe huyo huyo unakuja kumuomba nyanya. Wamama, musikubali. Wababa na nyinyi, mbegu ya kitunguu ya kutoka Ulaya sio zawadi kama haijaandikwa ni ya siku fupi, mumuambie yule wa kule asome pakiti kabla ya kutuma, au atume franga tu, tutanunua hapa.

Dada, pandisha bidoni zako kwa pahali pa wazi, sio siku moja, anza na asubuhi tu. Mama mukwe musalimie, usibishane naye, mupe tomate ikiiva.

Kwa wenye wananiuliza miche: tomate iko, shu imekwisha mpaka mwezi wa kenda, kitunguu naanza kupanda nikipata mbegu ya kweli. Deni sitoi tena, wenye wananidai foto za bure pia mungoje.