Unaanza somo la teknolojia za wavuti? Ielewe kwanza safari ya ombi

Wanafunzi wengi wakifika wiki ya pili wanataka kurukia Laravel au React (zana za kujengea tovuti zilizotengenezwa tayari), kwa sababu ndizo zinazotajwa kwenye matangazo ya kazi. Tunashauri usubiri kidogo. Kuna jambo moja ambalo usipolielewa mapema litakusumbua mpaka mwisho wa muhula: kivinjari kinatuma ombi, seva inarudisha jibu. Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, mwaka 1989, na vitu vitatu alivyobuni, yaani HTML (lugha ya kuandikia kurasa), HTTP (utaratibu wa kutuma maombi na majibu) na anwani ya URL, ndivyo vinavyobeba kurasa hadi leo.

Safari hiyo unaweza kuiona kwa macho. Fungua tovuti yoyote kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu iliyoandikwa Network, kisha pakia ukurasa upya. Kila mstari ni ombi moja, na pembeni yake kuna namba. 200 ni salama. 404 ina maana seva ipo ila ulichoomba haikukiona, kwa hiyo kagua njia ya faili. 403 umekatazwa. 500 ni msimbo wa upande wa seva ulioanguka, na hapo hata ukihangaika na CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) usiku kucha hutapata kitu. Soma namba kabla ya kugusa msimbo. Tabia hii peke yake itakuokolea saa nyingi za maabara.

Kwa PHP, lugha inayoendeshwa upande wa seva, vyuo vingi hutumia XAMPP, kifurushi kinachoifanya kompyuta yako iwe seva. Kazi yako ikae ndani ya C:\xampp\htdocs, tuseme kwenye folda ya duka, nawe uifungue kwa http://localhost/duka/. Ukiliburuta faili moja kwa moja hadi kwenye kivinjari, anwani itaanza na file:/// na PHP haitafanya kazi, kwa kuwa faili halijapita kwenye seva. Apache, programu ya seva iliyo ndani ya XAMPP, ikikataa kuwaka, mara nyingi kuna programu nyingine iliyoshika poti 80, yaani mlango ambao seva husikilizia maombi. Ndani ya httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, badilisha Listen 80 iwe Listen 8080, washa upya, kisha tumia localhost:8080.

Majina ya faili yaandike kwa herufi ndogo bila nafasi. Windows haijali tofauti ya Picha.JPG na picha.jpg, lakini seva nyingi za kukodi ni Linux, nayo inajali. Ndiyo maana picha zilizokuwa zikionekana vizuri nyumbani hupotea siku ya kuwasilisha.

Kwenye head (sehemu ya mwanzo ya faili la HTML) ya kila ukurasa weka mistari miwili. Wa kwanza ni <meta charset="utf-8">. Kiswahili kinatumia herufi za kawaida, hivyo kosa la kuuacha mstari huu hujificha hadi utakaponakili maandishi kutoka Word na ng’ombe akageuka ngâ€™ombe. Wa pili ni <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Ukiuacha, simu huchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli kama 980, kisha huusinyaza hadi maandishi yasisomeke. Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, kwa hiyo jaribu huko kwanza. Picha ya MB 4 kutoka kwenye kamera ipunguze hadi upana wa pikseli 1200 au chini ya hapo kabla ya kuipakia, maana bando ni la mtu.

JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, nayo ina kosa lake maarufu: konsoli (iko kwenye F12 ileile) inalalamika kuhusu null, yaani kitu hakikupatikana, wakati kitufe unakiona kabisa. Msimbo umekimbia kabla kitufe hakijachorwa. Andika defer kwenye tagi ya script inayoita faili la nje kwa src.

Fomu ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Nywila isipite kwa njia ya GET, kwani itabaki kwenye anwani, kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Tumia njia ya POST, inayobeba data ndani ya ombi, juu ya HTTPS (HTTP iliyosimbwa), na kwenye hifadhidata weka matokeo ya password_hash(), amri ya PHP inayoigeuza nywila isisomeke, kamwe usiweke nywila yenyewe. Usiunganishe alichoandika mtumiaji moja kwa moja na sentensi ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata. Mwalimu atakueleza habari za wavamizi, na ni kweli, lakini huku kwetu hata mteja mwema anaivunja fomu: akiandika Ng'ang'a au Mang'ula, ile alama ya juu inafunga maneno katikati na hifadhidata inarudisha hitilafu. Tumia prepare() na execute() za PDO (sehemu ya PHP inayounganisha na hifadhidata), ambazo hutenganisha alichoandika mtumiaji na sentensi ya SQL, kisha ijaribu fomu yako kwa majina hayo mawili kabla ya kukabidhi kazi.