Maswali ya wasomaji: Hoteli kubwa, spa na bili yake

Toleo hili tumetenga ukurasa kwa barua zinazohusu hoteli kubwa za mjini na spa zake. Majibu yameandaliwa na jopo letu la watu wa mapokezi na wa spa.

Chumba nilishalipia, mbona kadi imekatwa tena?

*Nilimpeleka mume wangu hoteli moja kubwa ya Dar es Salaam kwa usiku mmoja. Chumba nilikilipia wiki moja kabla. Tulipofika mapokezi wakaomba kadi yangu ya benki, na papo hapo ukaingia ujumbe kwamba shilingi 200,000 zimetoka. Wakati wa kuondoka nikalipa chakula na masaji, 185,000, kwa kadi ileile. Leo siku ya sita laki mbili haijarudi, na hotelini wanasema hawana hela yangu. — Msomaji, Morogoro*

Dada, hawakudanganyi, na hela yako haijapotea. Ile laki mbili haikulipwa kwa hoteli. Benki yako imeifungia kwa ombi la hoteli, ili ukitumia vya kwenye minibaa au ukivunja kitu kuwe na pa kukata.

Kasoro ilitokea mlipokuwa mnaondoka. Mhudumu alitakiwa kuukamilisha muamala wa mwanzo kwa 185,000, benki ikate kiasi hicho na kuachia 15,000 iliyobaki. Inaonekana alifungua muamala mpya, kwa hiyo kadi yako ikabeba vyote viwili. Hutokea sana asubuhi, zamu zinapopokezana na foleni ya wanaoondoka ni ndefu.

Piga simu hotelini, lakini omba kitengo cha uhasibu, si mapokezi. Waambie wakutumie barua pepe inayotaja namba ya idhini ya muamala wa kwanza, tarehe, kiasi, na kwamba hoteli haidai tena fedha hizo. Barua hiyo pamoja na bili ya mwisho vipeleke kitengo cha kadi cha benki yako. Usipofanya lolote fedha zitaachiwa zenyewe muda wa kuzishikilia ukiisha, lakini kwa baadhi ya benki hiyo ni wiki kadhaa, na kwa akaunti ya matumizi ya kila siku hilo ni jambo zito.

Safari nyingine, weka amana ya taslimu na uchukue stakabadhi, au tumia kadi ya mkopo kama unayo. Ukilazimika kutumia kadi ya akaunti, mwambie mhudumu wakati wa kuondoka: "Naomba ukamilishe muamala wa mwanzo, usifungue mwingine." Anayeijua kazi ataelewa mara moja. Na mashine ikikuuliza dola au shilingi, wewe mwenye akaunti ya shilingi chagua shilingi, vinginevyo utabadilishiwa fedha kwa kiwango ambacho hukukichagua. Kwa Tanzania, kanuni zilizotoka Machi 2025 zimepiga marufuku huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, hivyo kudai bei ya shilingi ni haki yako.

Waksi, singo, hina na udi kabla ya harusi

*Harusi yangu ni Jumamosi jioni. Wifi zangu wamenilipia hoteli yenye spa kuanzia Alhamisi: mvuke, skrabu, masaji ya mafuta na waksi. Mchora hina atakuja chumbani Ijumaa usiku, na tunataka kufukiza nguo kwa udi. Tupange vipi? — Bi harusi mtarajiwa, Tanga*

Hongera sana, bi harusi. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwani huduma ulizozitaja zinaharibiana zikikosewa mpangilio.

Waksi itangulie, na isiwe siku moja na skrabu. Inang'oa nywele pamoja na ngozi nyembamba ya juu, vinyweleo vinabaki wazi. Ukiingia kwenye mvuke au ukasuguliwa chumvi siku hiyohiyo utawaka, na kesho yake kwapa na miguu vitajaa vipele. Acha saa 24 zipite, 48 ni bora zaidi. Kwa ratiba yako, fanya waksi Jumatano kabla ya kusafiri, na hotelini uombe muda wake ugeuzwe kuwa huduma ya miguu. Kama unatumia mkorogo au krimu yoyote ya kuchubua, waksi isiguse uso wako hata kidogo, maana ngozi hiyo imeshakuwa laini na inaweza kutoka pamoja na waksi. Mwambie mhudumu ukweli. Haulizi ili akuhukumu.

Alhamisi iwe siku ya mvuke, kisha skrabu, kisha masaji. Mvuke wa dakika 10 hulainisha ngozi, skrabu inatoa nongo, mafuta yanakuja mwisho. Ukianza na mafuta, skrabu itateleza juu kwa juu na hela itakuwa imekwenda bure.

Ukipenda singo yako ya nyumbani kuliko chumvi yao, omba unapoweka nafasi. Spa nyingi za pwani huikubali, tena kwa furaha. Ibebe ikiwa kavu ndani ya kopo linalofunga vizuri, marashi ya waridi yawe kwenye chupa yake, na ichanganywe palepale. Singo iliyolowekwa tangu nyumbani huchacha njiani. Liwa iwe imesagwa laini, na karafuu iwe kidogo, kwa kuwa ikizidi inachoma shingoni na kwapani. Mwelekeze mhudumu aipake na kuiacha mpaka kingo zianze kupauka huku katikati bado ikishika kidole. Hapo ndipo inasuguliwa na kutoka vipande vipande na nongo yake. Ikikauka kabisa inakwaruza.

Hina isogezwe kutoka Ijumaa usiku hadi Ijumaa asubuhi. Hina inapaka rangi tabaka la juu la ngozi, na skrabu huondoa tabaka hilohilo, ndiyo maana hina haitangulii skrabu kamwe. Mafuta nayo huizuia kushika. Kwa hiyo asubuhi hiyo osha mikono na miguu kwa sabuni, usipake losheni. Ikikauka ikwangue, usiioshe, na ujiepushe na maji kadiri uwezavyo mpaka siku ya pili. Mwanzoni itakuwa ya rangi ya chungwa, usishtuke. Inakolea kwa siku moja hadi mbili, na ndiyo sababu tunakuhimiza uchorwe asubuhi. Baada ya hapo bwawa la kuogelea lisubiri fungate.

Piko iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi nyeusi ikatae, hata kama mchoraji ni ndugu yako. Ile dawa ina kemikali iitwayo PPD, na iko ya kutosha kutoa malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, pengine siku kadhaa baadaye. Kuna wanaobaki na mzio wa dawa za kutia nywele rangi maisha yao yote.

Shuka za hoteli ni nyeupe na doa la hina halitoki, litaingia kwenye bili. Waombe watu wa usafi wa vyumba taulo kuukuu, wanazo, na kanga zako mbili zitandike juu ya kiti.

Udi usichome chumbani. Kihisi cha moshi darini hakijui kama ni udi au godoro linaungua. Kikiamka, ghorofa nzima inaweza kusikia king'ora, na hoteli nyingi zina faini ya moshi ambayo ni kubwa. Msikifunike kwa mfuko wa plastiki, hiyo ni hatari kwa kila aliyelala humo. Mwombe msimamizi wa huduma za wageni awape sehemu ya wazi, roshani au bustani. Fukizeni nguo huko, zifungwe kwenye begi mara moja, na harufu itakaa hadi Jumamosi.

Nina presha, naruhusiwa kuingia sauna?

*Nina miaka 54, natumia dawa za presha kila siku na imetulia. Nakwenda semina Nairobi, na hoteli ina sauna, chumba cha mvuke na jakuzi. Kipi salama? — Mzee wa Mwanza*

Mzee wetu, muulize daktari wako kwanza, hasa kama uliwahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia. Akikuruhusu, kuna mambo ya kujua.

Sauna huwa na nyuzi joto 80 hadi 90 hivi, ila hewa yake ni kavu, jasho linakauka na kukupoza. Chumba cha mvuke ni nyuzi 40 hadi 45 tu, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya: unyevu unakaribia asilimia 100, jasho halikauki, mwili unazidi kupanda joto huku wewe ukijiona uko sawa. Jakuzi isizidi nyuzi 40.

Joto hutanua mishipa ya damu, na baadhi ya dawa za presha hufanya hivyohivyo. Vikikutana, presha inashuka, na hatari yenyewe ni pale unaposimama. Wengi wanaoanguka wanaangukia mlangoni, wakitoka. Kwa hiyo kaa benchi la chini, ambako joto ni kidogo, dakika 5 hadi 8 zinatosha. Kabla ya kutoka kaa wima dakika moja au mbili, miguu ikiwa chini, kisha inuka ukishika ukuta. Pumzika dakika 10, kunywa maji. Usiingie ukiwa umekunywa pombe wala mara tu baada ya bafe ya mchana. Kama dawa yako ni ya kukojoza mwili unakuwa tayari na upungufu wa maji, basi punguza dakika zaidi. Mkufu na saa viache kwenye kabati, vinaunguza.

Wenzako wakikuhimiza kujitumbukiza kwenye maji ya barafu, kataa. Baridi ya ghafla hubana mishipa na kupandisha presha kwa kishindo.

Jakuzi ikague kwa macho na pua. Povu lisilopotea mashine ikizimwa, ukuta unaoteleza kwenye usawa wa maji, au harufu kali ya dawa inayowasha macho: usiingie. Harufu ile kali mara nyingi ina maana klorini imeshachoka kwa kupambana na uchafu, si kwamba maji ni safi sana.

Najistiri, nitavuliwa nguo zote?

*Navaa hijabu na sijawahi kukandwa. Naogopa kufika na kukuta mwanamume, au kuambiwa nivue. — Msomaji, Mombasa*

Dada, hakuna anayekuvua. Mhudumu huondoka chumbani, wewe unavua kiasi unachoridhia, unalala chini ya shuka, naye anabisha hodi kabla ya kuingia. Anafunua sehemu anayoikanda tu, mguu mmoja, kisha anaufunika. Ndivyo kazi inavyofundishwa. Atakayefanya vinginevyo, mwambie asimame, vaa, na umwone meneja.

Unapoweka nafasi sema mambo matatu: unataka mhudumu mwanamke, uthibitisho uje kwa maandishi, na uambiwe kama sauna na mvuke vya wanawake ni tofauti au vina saa zake. Usisubiri kuyasema mlangoni, kwa kuwa zamu huwa zimeshapangwa na utaambiwa aliyepo ni huyo huyo. Kama hutaki mafuta, kuna masaji ya Kitailandi unayofanyiwa ukiwa umevaa nguo pana, na ya miguu pekee. Na ukiwa na ujauzito, hata wa wiki chache, sema: mvuke, sauna na jakuzi utaviacha, na utakandwa ukiwa umelala ubavu.

Alama mbili za kujumlisha

*Menyu ya spa Nairobi iliandika 10,000++. Nikalipa 12,600. Nimeibiwa? Na bahasha ya mhudumu? — Msomaji, Thika*

Hapana. Alama ya kwanza ni VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16, ya pili ni ada ya huduma, na hapo ilikuwa asilimia 10. Bahasha si lazima. Ukitaka kumshukuru aliyekukanda mpe mkononi, maana ada ya huduma hugawanywa kwa utaratibu wa hoteli na haimfikii yeye peke yake.

Kelele usiku kucha

*Tulilipa hela nyingi tukalala kwa kusikia mazungumzo ya chumba cha pili. Asubuhi tukalalamika, wakatupa matunda. Tungefanya nini? — Msomaji, Dodoma*

Mngepiga simu usiku uleule. Malalamiko ya saa nne usiku yanaweza kuwapatia chumba kingine, ya asubuhi yanapata matunda, kwani usiku umeshatumika na hakuna cha kubadilisha. Meneja wa zamu ya usiku ana mamlaka ya kuhamisha mgeni, na simu yenu inaandikwa kwenye kitabu cha zamu, kwa hiyo hata mkidai kupunguziwa bei kesho yake kuna kumbukumbu.

Kusikia mazungumzo waziwazi kwa kawaida ni dalili ya mlango wa ndani unaounganisha vyumba viwili. Ukiingia chumbani tazama ukutani. Ukiuona, na hamkuja kama familia, rudini mapokezi kabla ya kufungua mabegi. Wakati wa kuweka nafasi andikeni: chumba kisicho na mlango wa kuunganisha, mbali na lifti, si juu ya ukumbi wa sherehe, wala upande wa jenereta. Kisha pigeni simu siku moja kabla, asubuhi, kwani siku hiyo ndiyo vyumba vinagawanywa kwa majina.