Farasi kwanza, hela baadaye

Ndugu yangu wa Chake Chake, hebu rudisha simu mfukoni. Usitume hata shilingi.

Umeandika kwamba umepata mashine ya zamani ya sataranji, zile zinazosogeza kete zenyewe, muuzaji kakutumia video, na unataka kumchukulia mwanao. Unauliza kama zinaaminika, kama ya zamani inaishinda mpya, inacheza kwa kiwango gani, na ikiharibika utampata wapi fundi. Mie nakuuliza moja tu: kwenye video hiyo kete ya farasi imetoka?

Hajatoka. Video za hawa watu ni ileile. Askari wa mbele ya mfalme anateleza miraba miwili peke yake, aliyeshika simu anasema "mashaallah", video imekwisha. Na mie nilitumiwa ya namna hiyo. Nikaitazama kitandani, nikamwamsha mke wangu aione, asubuhi nikatuma Dubai pesa ambayo hapa mjini ningepata Vespa iliyochoka lakini inayokwenda. Yangu haiendi.

Sikiliza zinavyofanya kazi, maana hili hakuna muuzaji atakayekueleza. Chini ya ubao kuna kigari kimebeba sumaku, kinavutwa kwa mikanda, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kitako cha kila kete kina chuma au sumaku. Kigari kinakuja chini ya kete, kinaikamata, kinaondoka nayo. Askari anayekwenda mbele hana wa kumzuia, hata mkanda uliolegea utamfikisha. Farasi ana mambo mengine. Wewe kwa mkono wako unamrusha juu ya vichwa vya wenzake. Sumaku haimrushi mtu. Lazima imburute kwenye mstari, apenye katikati ya askari wawili bila kumgusa yeyote. Hapo mkanda ukiteleza kidogo tu, basi tena.

Na la pili, ambalo ndilo lililonitia hasara hasa: nyingi za zamani hazioni kete. Wewe ukitaka kucheza unabonyeza kete kwenye mraba inapotoka, unabonyeza tena inapotua, yenyewe inaweka kumbukumbu. Lakini kete inayoisogeza yenyewe haiikagui. Inajua ilikotaka kuipeleka, ilikofika haijui.

Siku niliyoifungua niliita watu, ujinga mwingine huo. Sebule imejaa, kahawa inazunguka, nikasogeza askari wangu, ikajibu kwa askari wake, makofi. Nikatoa farasi. Ikatulia kidogo, kisha chini kwa chini tukasikia "krrr", farasi wake akajiburuta, akamkumba askofu, akaachwa mstarini nusu huku nusu kule. Kigari kikaendelea na safari bila yeye, kikafika kilikokuwa kinakwenda, kikasimama, taa ikawaka: zamu yako. Kwa hesabu ya mashine farasi kashafika zamani. Sisi tunamwona yuko njiani.

Tukamsaidia kwa kidole. Baadaye ikataka kuniulia askari. Kuua ni kazi mbili: kwanza inamtoa marehemu hadi pembeni mwa ubao, ndipo muuaji anaingia. Ikaja kumchukua askari wangu, ikamkosa, ikaenda kuzika hewa. Halafu ikarudi na ngome yake ikaisukumiza hapohapo alipo askari aliye hai, wote wawili wakaanguka. Mzee mmoja pale barazani akauliza kwa upole kama hatuna dhumna ndani.

Sasa huyo mtu aliyeniuzia. Nilimuuliza mapema, maandishi ninayo mpaka leo, "Inafanya kazi yote?" Akajibu, "Sheikh wangu, hii kama mpya, imekaa kabatini tu haijaguswa." Mungu anamwona. Kukaa kabatini ndiko kulikoiua! Grisi imeganda, mpira wa mkanda umepasuka, na betri zilizosahaulika ndani zimevuja zikala vyuma. Ile ya kampuni ya Milton Bradley ya Marekani ni ya 1983. Hesabu mwenyewe vilivyomo ndani vina umri gani. Mashine iliyochezwa kila wiki na mzee mstaafu ningeichukua kabla ya hiyo ya kabatini. Na nyinyi hapa juu mnaomwambia mwenzenu "za zamani ndizo imara", mmeshawahi kuwa nayo hata moja, au mnasifia tu kwa sababu haitoki mfukoni mwenu?

Nilipomtumia picha ya farasi kakwama, akanijibu labda sakafu yangu haiko sawa. Sakafu! Baada ya hapo tiki zake zikabaki moja moja.

Halafu fundi. Redio anatengeneza vizuri, simsemi. Lakini mkanda wa yangu ni wa meno, na yeye akaniwekea mkanda laini wa kinasa sauti cha kaseti, akasema "mkanda ni mkanda". Mkanda usio na meno unateleza kila kigari kinapogeuka, na kila mtelezo unajilimbikiza juu ya mwingine, mpaka mwisho wa mchezo kila kete inasimama mpakani. Ikawa mbaya kuliko ilivyokuja. Na hewa yetu hii ya chumvi ikamalizia, viunganishi vikaota kijani.

Adapta nakutajia kwa haraka: kama imetoka Marekani ni ya volti 120, sisi ukutani tuna 230. Soma kibandiko kabla hujachomeka.

Kuna Mhispania, Leonardo Torres Quevedo, alitengeneza mashine ya sataranji mwaka 1912, na mwaka 1920 ikaja ya pili inayosogeza kete kwa sumaku iliyo chini ya ubao. Ilikuwa inacheza mwisho wa mchezo tu: mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, na inashinda. Umeona? Farasi hakuwemo kabisa. Yule bwana alikuwa na akili kuliko mie na muuzaji wangu tukijumlishwa.

Kama unayotaka ni ya mkono wa roboti, kwa mfano kampuni ya Novag walitoa ya namna hiyo mwaka 1982, basi farasi si tatizo kwa sababu inamnyanyua kweli. Lakini mkono una viungo vingi zaidi, na kila kiungo kinalegea kwa wakati wake. Na kwa kuwa ni ya mtoto: Julai 2022 kule Moscow roboti ya mkono ilimbana mtoto wa miaka 7 kidole mashindanoni, kikavunjika. Waandaaji wakasema mtoto aliwahi kucheza kabla mkono haujamaliza. Mtoto gani asiyewahi? Hiyo ilikuwa mashine kubwa, si ya nyumbani, ila mie mwanangu nisingemkalisha.

Mpya zinazotumia programu ya simu nyingi zinajua kete iko wapi, hilo nakubali. Lakini kampuni ikizima seva, unabaki na meza ndogo yenye mapambo. Hata hizo, farasi kwanza.

Fanya hivi. Mwambie muuzaji apange kete zote 32, achukue video moja isiyokatwa, mashine itoe farasi wake wa kulia na wa kushoto wakati askari wote bado wako nyumbani, halafu iue kete, tena mbali na pembeni, katikati kabisa ya ubao, tuione inavyomtoa marehemu. Halafu ifanye ngome na mfalme kubadilishana, maana hapo inabidi mmoja apitishwe ubavuni mwa mwenziwe. Saa ya ukutani ionekane nyuma. Akisema adapta kaiazima mtu, au umeme umekatika tangu juzi, au "mbona askari anakwenda vizuri", mfute.

Video ukiipata iweke hapahapa kwenye uzi niitazame kabla hujalipa, nitakwambia mkanda ukoje kwa kuusikiliza tu. Na kama muuzaji wako yuko Dubai na kakwambia habari za kabati, nipe namba yake pembeni. Yangu keshaizuia.