Re: Geji ya mafuta ya gari la MGB 1972 imeganda kwenye E (tupu) wakati tangi limejaa

Ndugu, usinunue geji mpya kwanza. Mara nyingi tatizo liko nyuma, kwenye tangi.

Chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi kwenye senda (kifaa cha tangini kinachopima kiwango cha mafuta), washa swichi, kisha uguse bodi ya gari kwa ncha yake, mbali na mvuke wa petroli. Mshale ukipanda taratibu kuelekea F (kujaa), geji na waya ni vizima. Mshale ukishafika, ondoa waya kwenye bodi mara moja, maana geji hii hufanya kazi kwa joto na huungua.

Hapo kagua ethi ya senda, yaani ule waya mweusi unaoiunganisha na bodi: kutu kidogo tu inatosha kuukata. Ethi ikiwa safi, pima ukinzani wa umeme wa senda yenyewe: takriban omu 240 tangi likiwa tupu, 20 hadi 30 likijaa. Ikionyesha mzunguko umekatika, waya mwembamba wa ndani umekatika; badilisha. Omu zikibaki juu, boya limetoboka na kuzama.

Mshale usipopanda, rudi kwenye dashibodi ukague kidhibiti volti, kinachotoa wastani wa volti 10. Kikikosa ethi, geji husoma juu kupita kiasi, lakini yako imeganda chini, kwa hiyo wewe tafuta fyuzi au kiungio kilicholegea.